Goti la mama, nyonga ya baba mdogo, na mkono wa roboti

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 67, ana kisukari, na goti lake la kulia limechakaa hadi usiku halali. Tumeonana na madaktari bingwa wawili wa mifupa na wote wamesema goti libadilishwe. Wa kwanza anatumia roboti, ila foleni yake ni ndefu na gharama iko juu. Wa pili hana roboti lakini ameifanya kazi hii miaka mingi na anaweza kumpokea mapema. Sisi watoto tumegawanyika. Je, roboti ndiyo inayopasua? Goti lililowekwa kwa roboti hudumu zaidi, au huuma kidogo? Na baba mdogo anayesumbuliwa na nyonga, jibu lake ni hilohilo?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Goti likifika mahali pa kumnyima mtu usingizi, limefika mahali pa kutibiwa, na kama madaktari wawili wamelisema jambo moja bila kuulizana, hoja ya kubadilisha au kutobadilisha imekwisha. Imebaki hoja ya nani atafanya na kwa zana gani. Nitaanza na nani.

Mwulizeni kila mmoja wao maswali mawili: kwa mwaka anabadilisha magoti mangapi, na ni wagonjwa wake wangapi waliolazimika kufunguliwa tena. Daktari anayeifanya kazi hii kila wiki, akiwa na timu ileile ya wauguzi na ya usingizi, kwa kawaida hupata maambukizi machache na marudio machache kuliko anayeifanya mara mojamoja. Daktari mzuri haoni vibaya kuulizwa hivyo; wengi wana takwimu zao tayari. Wote wawili wakiwa wanafanya magoti mengi na matokeo yao ni mazuri, mnachagua kati ya mema mawili, na hamna sababu ya kukosana ndugu. Ikiwa mmoja anafanya machache mno, roboti haitaliziba pengo hilo.

Sasa mashine yenyewe, maana wengi huiogopa au huitukuza kwa sababu hakuna aliyewaeleza inafanya nini.

Roboti ya kwanza kuchonga mfupa wa mgonjwa kwa ajili ya nyonga bandia iliitwa ROBODOC. Waliokuwa nyuma yake ni daktari wa mifupa William Bargar na daktari wa mifugo Howard Paul, wakishirikiana na wahandisi wa IBM. Ilijaribiwa kwanza kwa mbwa wenye nyonga mbovu, kisha Novemba 1992 ikatumika kwa binadamu huko Sacramento, Marekani. Hiyo kweli ilichonga yenyewe: mguu ulifungwa imara kwenye fremu, mashine ikafuata mpango ulioingizwa, na daktari akasimama pembeni tayari kuizima. Tundu ililochonga ndani ya mfupa wa paja lilikuwa safi kuliko lile la mkono. Lakini mashine haikujua kuwa msuli uliokaa njiani si wa kuguswa. Huko Ujerumani, ambako ilienea sana mwishoni mwa miaka ya 1990, wagonjwa walikwenda mahakamani wakilalamikia misuli ya nyonga iliyoharibiwa, na matumizi yake yakafifia. Roboti nyingi za leo zilizaliwa na funzo hilo: zimenyimwa kwa makusudi ule uhuru wa kufanya kazi peke yake.

Kwa hiyo anayepasua ni daktari. Yeye ndiye anayekata ngozi, anayefungua kiungo, anayeilinda mishipa ya damu na ya fahamu nyuma ya goti, anayeweka vyuma na plastiki, na anayeshona. Roboti ina kazi mbili katikati ya hayo: kusaidia kupanga, na kuhakikisha kwamba mfupa unakatwa pale tu palipopangwa.

Mpango huanza kabla ya siku ya upasuaji au palepale mezani, kutegemea mashine. Mfumo wa Mako, unaotengenezwa na Stryker, huhitaji kipimo cha CT cha mguu mzima, nyonga hadi kifundo, na kompyuta hujenga picha ya mfupa wa mgonjwa yuleyule kwa pande zote. Mifumo mingine, kama CORI ya Smith & Nephew na VELYS ya DePuy Synthes, haihitaji CT; huchora umbo la goti wakati limeshafunguliwa. ROSA ya Zimmer Biomet inaweza kutumia picha za kawaida za eksirei au kwenda bila picha. Kisha daktari huchomeka pini nyembamba kwenye mfupa wa paja na wa muundi, na juu ya pini hizo hukaa alama ambazo kamera ya infraredi inaziona muda wote. Anachukua kijiti maalumu na kugusa sehemu nyingi juu ya mfupa, moja baada ya nyingine, hadi kompyuta ioanishe mfupa halisi na picha yake. Kuanzia hapo mguu ukisogea hata kidogo, mashine inajua umesogea wapi.

Halafu inafuata hatua ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na haizungumzwi sana kwa sababu haina mbwembwe. Kabla ya msumeno kugusa chochote, daktari huukunja na kuunyoosha mguu huku akizivuta kano za ndani na za nje, na kioo kinamwonyesha kwa milimita nafasi itakayobaki kila upande iwapo atakata kama alivyopanga. Akiona upande wa ndani utabana goti likinyooka, anasogeza mpango nyuzi moja au milimita moja na kutazama tena. Kwa mikono, daktari mzoefu huyajua haya kwa kuhisi, na wengi huyajua vizuri sana, lakini mengi huyahisi baada ya kukata. Hapa anayaona kabla.

Kukata kwenyewe kunatofautiana. Mkono wa Mako hushika msumeno pamoja na daktari: yeye anausukuma, nao hukataa kutoka nje ya mpaka uliochorwa, kana kwamba umegonga ukuta. ROSA haikati kabisa; huleta kiongozi cha msumeno hadi mahali pake na kukishikilia, daktari akakata mwenyewe. CORI ni kifaa cha mkononi chenye ncha inayosaga mfupa, na ncha hiyo hujizuia kila inapofika kikomo. Kwa hiyo mkiambiwa "tuna roboti", ulizeni ni ya namna gani. Jina moja limebeba mashine zenye tabia tofauti sana.

Je, usahihi huo ni wa kweli? Ndiyo, na sina shaka nao. Mwaka 2006 watafiti waliotumia roboti ya Acrobot, iliyobuniwa Imperial College London, walichapisha jaribio la kubadilisha sehemu moja ya goti ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika kundi la roboti magoti yote yalikaa ndani ya nyuzi 2 za mpango. Katika kundi la njia ya kawaida ni asilimia 40 tu. Tafiti nyingi zilizofuata, kwa mashine nyingine, zimeelekea upande huohuo.

Ugumu unaanza mtu anapodhani kwamba mfupa uliokatwa kwa usahihi ni sawa na mgonjwa aliyepona vizuri. Kwa miongo mingi tulifundishwa kwamba mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo lazima upite katikati ya goti, na kwamba ukipinda zaidi ya nyuzi 3 goti bandia litalegea mapema. Mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, waliyaangalia magoti karibu 400 yaliyokuwa yametimiza miaka 15, wakakuta yale yaliyokaa ndani ya nyuzi 3 hayakudumu zaidi ya yaliyotoka nje kidogo. Tangu hapo mjadala umekuwa mkali: kila mtu anyooshwe mguu kwa mstari mmoja, au arudishiwe umbo aliloishi nalo kabla goti halijachakaa? Binadamu wengi hawana mguu ulionyooka kama rula tangu ujana wao. Roboti haiamui mjadala huu. Mkasi ukifuata mstari wa chaki sawasawa, nguo bado itabana ikiwa fundi alichora chaki bila kumpima mvaaji. Anayechora chaki ni daktari, na ndiyo maana nikaanza na swali la nani.

Kuna jambo jingine dogo linalofuatana na hilo. Usahihi wote unategemea ule mguso wa awali wa kijiti na zile pini kubaki mahali pake. Pini ikilegea katikati ya kazi bila kugunduliwa, mashine itaendelea kukata kwa uhakika uleule, mahali pasipo. Daktari aliyezoea hurudia kugusa alama za ukaguzi mara kwa mara, na akiona tofauti husimama. Tabia hiyo haiji na mashine kutoka kiwandani.

Sasa maumivu. Wiki za mwanzo, kuna dalili nzuri. London, katika University College Hospital, wagonjwa 40 wa njia ya kawaida walilinganishwa na 40 waliofuata baada ya roboti kuanza kutumika. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kundi la roboti likiuma kidogo na kuruhusiwa kwenda nyumbani baada ya saa 77 hivi, wengine 105. Sababu inayotajwa ni kwamba msumeno wenye mpaka hauendi kuchokoza nyama na kano za pembeni, na daktari hahitaji kuzifungua kano sana ili kusawazisha goti. Naiona sababu hiyo kuwa ya kuaminika. Lakini makundi hayo hayakugawanywa kwa bahati nasibu, na tunajua timu iliyopata mashine mpya huwahudumia wagonjwa kwa ari. Watafiti wa Glasgow, Uskoti, waligawanya kwa bahati nasibu, kwa wale wanaobadilishiwa sehemu moja ya goti: maumivu yalikuwa madogo upande wa roboti katika wiki za mwanzo, kisha kadiri muda ulivyopita makundi mawili yakakaribiana.

Kwa muda mrefu, jaribio ninalolipa uzito mkubwa ni la Korea Kusini, lililochapishwa 2020. Wagonjwa zaidi ya 1,300 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 13, nusu wakiwa wa roboti na nusu wa njia ya kawaida, wote kwa mikono ya daktari mmoja. Uwezo wa kutembea, maumivu, kulegea kwa goti: hakukuwa na tofauti. Baada ya miaka 15 takribani asilimia 98 ya magoti ya kila kundi yalikuwa bado yako sawa. Mtu anaweza kusema kwamba roboti iliyotumika ni ya kizazi cha ROBODOC na za leo ni bora, na ana haki. Ila za leo bado hazijatimiza miaka 15 ndani ya wagonjwa wa kutosha ili zituonyeshe vinginevyo, kwa hiyo anayekuahidi kwamba goti la roboti litadumu zaidi anakuahidi kitu ambacho hajakiona.

Kumbukeni pia kwamba kiwango kilichopo tayari ni cha juu. Uchambuzi uliochapishwa 2019 katika jarida la The Lancet, uliokusanya sajili za kitaifa za viungo bandia, ulikadiria kwamba magoti bandia kamili yapatayo 82 kati ya 100 hudumu miaka 25, na ya sehemu moja yapatayo 70. Karibu yote hayo yaliwekwa bila roboti. Mama ana miaka 67. Uwezekano ni mkubwa kwamba goti atakalowekewa, kwa njia yoyote, ndilo litakalomfikisha.

Kinachonisumbua zaidi kuliko kudumu ni wale wagonjwa takriban mmoja kati ya watano ambao baada ya goti jipya bado hawaridhiki. Picha zao za eksirei mara nyingi ni nzuri kabisa. Wengine maumivu yao yalikuwa yakitoka kwenye uti wa mgongo au nyonga na kushuka gotini. Wengine wameumwa miaka mingi hadi mishipa ya fahamu imezoea kupiga kelele. Wengine walitarajia kupiga magoti, kuchuchumaa na kukimbia, na hakuna aliyewaambia kwamba goti bandia mara nyingi hukunjika nyuzi 110 hadi 120 na kwamba kupiga magoti huwa tabu kwa wengi. Zungumzeni na mama juu ya mambo anayotaka kuyafanya tena, na ayataje mbele ya daktari kabla ya kusaini fomu. Mkono wa roboti haufiki huko.

Roboti nayo ina gharama zake mwilini. CT huongeza mionzi kidogo. Matundu ya pini yanaweza kuvujisha au kupata maambukizi, na mara chache sana mfupa umevunjika kupitia tundu hilo wiki kadhaa baadaye. Upasuaji huchukua muda mrefu zaidi wakati timu inajifunza. Wale wa London waliona kasi yao ya goti inatulia baada ya wagonjwa 7 hivi, kwa hiyo msione aibu kumwuliza daktari wa kwanza ameshaitumia mara ngapi. Mwulizeni na hili: mashine ikikwama katikati, unamaliza vipi? Jibu sahihi ni kwamba anamaliza kwa vifaa vya kawaida ambavyo viko tayari chumbani, na kwamba amewahi kufanya magoti mengi kwa njia hiyo. Tena, mifumo mingi hukubali viungo bandia vya kampuni iliyoitengeneza tu, kwa hiyo kuchagua mashine ni kuchagua na goti lenyewe. Ulizeni jina la kiungo hicho na kina miaka mingapi kwenye sajili.

Kuna hali moja ambayo ningewashauri msogee upande wa roboti. Ikiwa goti la mama limechakaa upande mmoja tu, na kano zake za ndani ni nzima, huenda akafaa kubadilishiwa sehemu hiyo peke yake. Kidonda huwa kidogo, kupona huwa haraka, na goti hubaki na hisia zaidi za kwake. Lakini sehemu ndogo haina nafasi ya kusamehe kosa, na ndipo usahihi wa mashine unapoonekana zaidi. Daktari anayefanya mengi ya aina hiyo kwa mikono naye hupata matokeo mazuri. Anayefanya machache, hapana. Mwulizeni kila mmoja waziwazi kama mama anafaa, na kama hafai, kwa nini.

Kuhusu baba mdogo, nyonga ina hesabu yake. Tangu John Charnley aliposimamisha njia ya kisasa ya kubadilisha nyonga huko Wrightington, Uingereza, mnamo 1962, upasuaji huu umekuwa mmoja wa inayoridhisha wagonjwa kuliko yote tunayofanya. Wanaobaki na manung'uniko ni wachache kuliko wa goti. Hofu yetu kwenye nyonga ni kutenguka, na mguu mmoja kuwa mrefu kuliko mwenzake. Mwaka 1978 daktari Lewinnek na wenzake walipendekeza kikombe, yaani sehemu bandia inayokaa kwenye fupanyonga na kupokea kichwa cha mfupa wa paja, kiinamishwe nyuzi 40 na kuelekezwa mbele nyuzi 15, kukiwa na nafasi ya nyuzi 10 kila upande, na roboti hukiweka ndani ya mipaka hiyo mara nyingi zaidi kuliko mkono. Hata hivyo, utafiti wa Mayo Clinic wa 2016 ulipochunguza nyonga zilizotenguka, zaidi ya nusu zilikuwa na kikombe kilichokaa vizuri ndani ya mipaka hiyohiyo. Fupanyonga huinama na kuinuka mtu anapokaa na kusimama, na uti wa mgongo uliokakamaa huibadilisha hesabu yote.

Kwa hiyo kama baba mdogo ana uchakavu wa kawaida, daktari mzoefu asiye na roboti anamtosha. Lakini kama amefungwa vyuma mgongoni, au nyonga ilizaliwa na kasoro, au aliwahi kuvunjika fupanyonga, mpango wa CT na mkono unaoufuata vina faida ya wazi, na picha za eksirei akiwa amekaa na akiwa amesimama zisikosekane.

Nirudi kwa mama na foleni. Kungoja wiki chache hakuna ubaya. Kungoja miezi mingi huku akitembea kwa kujikongoja kuna gharama: msuli wa paja hunywea, goti huanza kukataa kunyooka, na goti lililokakamaa kabla ya upasuaji huelekea kukakamaa baada yake. Ningekuwa mimi ni mtoto wake, na yule wa pili akanijibu vizuri yale maswali, ningempeleka kwa wa pili bila kusita.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hakijatajwa na ndugu yeyote kati yenu, kulingana na swali lako, nacho kina uzito kwake kuliko mashine: HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Sukari iliyopanda kwa miezi huongeza hatari ya maambukizi kwenye kiungo bandia, na maambukizi hayo huweza kumaanisha kukitoa chote na kuanza upya. Vituo vingi huahirisha upasuaji ikipita karibu asilimia 8. Mpelekeni apimwe wiki hii, akaguliwe na nyayo kama zina kidonda na meno kama yana usaha. Ikiwa sukari iko juu, kuishusha kutachukua miezi 2 au 3, na katika miezi hiyo aanze mazoezi ya kukaza msuli wa paja akiwa amelala au amekaa, asubuhi na jioni, chini ya uangalizi wa mtu wa fiziotherapia. Tarehe ya upasuaji, kwa daktari yeyote mtakayemchagua, ipangwe baada ya majibu hayo.